Mama Utaratibu na Benchi la Nje ya Mlango

Ndugu waombolezaji, haya mtakayoyasikia hakuna atakayeyaamini, na mjomba wa marehemu, aliyepewa kazi ya kuyasoma, hamlazimishi mtu. Daktari wetu, ambaye wenzake walimwita Mama Utaratibu, aliondolewa kwenye kiti chake kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, tena huku akiitii.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa dada yake mjomba. Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Akiwa darasa la tatu alipitisha sheria wakati wa chakula: asiyeshika mwiko hasemi. Mjomba wake, kijana mwenye maneno mengi na mbio kwenye nyama, alinyimwa mwiko wiki nzima. Ndiyo maana mpaka leo mjomba hudai kwamba uongozi wa madaktari nchi nzima ulianzia kwenye mdomo wake. Yeye mwenyewe shule aliiachia darasa la sita, kwa kuwa walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha.

Marehemu aliingia chuo cha udaktari mwaka 1975, akahitimu mwaka 1981. Huko alipata rafiki, ambaye marehemu alikataza jina lake lisitajwe leo. Walikuwa chanda na pete: chumba kimoja, na koti jeupe moja wakipokezana siku za mitihani. Tarehe 22 Septemba 1984 marehemu alifunga ndoa na fundi wa saa, mwanamume mpole ambaye hajawahi kushinda hoja nyumbani wala hajawahi kulalamika. Mpambe wa bibi harusi alikuwa rafiki huyohuyo.

Alitibu watoto katika hospitali ya wilaya hadi alipostaafu. Mwaka 2004 alichaguliwa kuingia baraza la chama cha madaktari, na mwaka 2010 akawa mwenyekiti. Alikuta watu wanajadili makosa ya mashemeji zao, mashemeji wenyewe wameketi papo hapo wakikohoa. Akatunga kanuni: mjumbe mwenye maslahi katika jambo atoke, akae kwenye benchi la korido, wala asirudi mpaka katibu aje kumwita. Kisha akampendekeza rafiki yake awe katibu.

"Mlango ule," alisema, "mwingine simwachii."

Tarehe 9 Agosti 2013 likaletwa shauri la daktari wa upasuaji, tajiri mwenye hospitali yake na marafiki tele barazani. Alikuwa amemfanyia mama mmoja upasuaji huku amelewa, na yule mama akafa. Marehemu alitaka shauri liende kamati ya nidhamu, mtu yule asiguse tena kisu. Ila mama aliyekufa alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Hakuna aliyelijua hilo. Alilisema mwenyewe, akakusanya miwani yake, akasimama.

"Sasa wewe unajitoa ili iweje?" mjumbe mmoja akamnong'oneza.

Katibu akamgusa mkono. "Toka tu, dada. Mimi si nipo humu ndani?"

Akatoka. Mlango ulikuwa na kioo. Aliona mikono ikiinuliwa kulifuta shauri. Halafu hakuitwa. Wakaendelea kuongea, na mlinzi wa korido, aliyekuwa karibu na mlango kuliko yeye, akageuka.

"Mama, ingia. Wanakumaliza humo. Wanapigia kura kiti chako."

"Sijaitwa," akajibu.

Mjomba alipoletewa habari aliapa kwamba katibu ndiye aliyetangulia kuinua mkono kumwondoa kitini. Marehemu akatikisa kichwa.

"Alikuwa wa mwisho, mjomba. Aliangalia kwanza upande gani umejaa, ndipo akainua wake. Kisha akaja mlangoni, kwa adabu zote, akaniambia, 'Dada, karibu ndani.'"

Yule tajiri bado anapasua watu. Kanuni nayo bado ipo, na wanaisoma kwa mbwembwe kila mkutano mkuu.

Mwaka 2019 figo za marehemu zilianza kuchoka. Rafiki yake, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alikuja wodini mara moja na maua. Marehemu akamwambia muuguzi, "Mwambie akae kwenye benchi. Nitamwita." Saa za kuona wagonjwa zikaisha, maua yakarudi yalikotoka. Tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, marehemu alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Apumzike kwa amani, na huko aendako wamwite ndani mapema.

Kwa kuwa alimjua mjomba wake, wiki moja kabla ya kufariki aliagiza asomewe kwanza kilichokwisha kuandikwa cha wasifu huu. Alisikiliza amefumba macho, hata pale kwenye benchi, mpaka mjomba akafika kwa walioachwa. Akasoma kwa sauti ya kutosha kusikika wodi ya jirani: "Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, mjomba aliyemfundisha yote, na chama kizima cha madaktari, ambacho kinamlilia kwa—"

Kidole kikainuka juu ya shuka.

"Utaratibu, mjomba. Kizima?"