Mgeni wa Benki Kuu Alivyosaini Daftari

Natangaza rasmi, kwa heshima zote ninazojipa, kwamba mimi sisikilizi mazungumzo ya watu. Jana kwenye treni nilikuwa nasoma gazeti langu tu, mlinzi wa benki alipomgeukia mama mshonaji aliyekaa kando yake.

"Leo nimeiona sheria ikitembea kwa miguu, mama. Dada mwembamba kutoka Benki Kuu, ana mwavuli na barua moja. Nikamwambia kila mgeni anasaini daftari. Akasaini! Penye sababu ya kuja akaandika: kuishika benki hii kuanzia sasa."

"We baba, usinitanie. Akiba yangu ya cherehani imo humo! Barua moja tu imng'oe mkurugenzi mwenye gari lile?"

"Benki ikiyumba, sheria inawaruhusu watu wa Benki Kuu kuingia hata bila hodi." Mlinzi alishusha sauti kana kwamba tuko msibani. "Mkurugenzi akatoa funguo. Aliporudi kuchukua koti lake, nikamsainisha daftari. Mgeni."

Gazeti langu lilibaki ukurasa uleule.

"Sasa anayemng'oa mkubwa vile," mama akanong'ona, "atashindwa na cherehani yangu?"

"Amekuja kuilinda."

"Barua imesema hivyo? Uliisoma?"

Mlinzi alifumbua mdomo, treni ikasimama. Mama akanigeukia. "Na wewe mwanangu, uliyeacha kusoma tangu darajani, umesikia akinijibu?"

"Hapana, mama," nikakiri. "Na nilitakiwa nishuke vituo viwili nyuma."