Namba Kumi na Gari Lake la Kijivu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1963, mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala na mkunga. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kutembea lakini aliwahi kubomoa: kabla hajasimama dede alikuwa ameshafungua skrubu za redio ya nyumbani. Redio ile haikusema tena.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1977. Hesabu alizipenda, kukaa ndiko kulikomshinda. Mwaka uliofuata dada yake mkubwa alimpeleka kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, akaanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli. Huko ndiko alikopata jina. Kila gereji ina spana moja isiyokaa mahali pake, namba kumi. Ya kwake ilikaa mfuko wa shati miaka yote, na hakumwazima mtu. Aliyeomba aliambiwa, "Nionyeshe bolti, nije mwenyewe." Basi akaitwa Namba Kumi, hata na watu wa benki.

Mwaka 1991 alifungua gereji yake, uani kwake. Magari ya kawaida aliyatengeneza ili watu wa nyumbani wale. Yale ya Kijapani ya mbio aliyatengeneza kwa sababu alishindwa kuyaacha. Yalikuja yamechoka, yakatoka yananguruma. Aliyafunga turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, akabadilisha ekzosi, akapaka rangi upya mpaka unajiona kwenye mlango. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi aliyapeleka kwenye maegesho ya nyuma ya soko la samani, wanakokutana wapenzi wa magari hayo. Pale kuna sheria moja: ukifungua boneti, umekubali kuulizwa. Akiuliza mtoto, unajibu. Akiuliza mtu aliyekuja kukucheka, unajibu vilevile. Anayefunga boneti kwa hasira haulizwi tena kitu. Marehemu hakuwahi kuifunga.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986 na fundi cherehani, ambaye ndiye bibi yetu sisi wajukuu. Gari la harusi alilitengeneza mwenyewe, akalishusha springi wiki hiyohiyo ili lipendeze. Lilipendeza likiwa tupu. Maharusi na wasimamizi walipopanda, likakwama kwenye tuta la kwanza. Ikabidi kila penye tuta bibi harusi ashuke, ashike gauni, apite kwa miguu, apande tena. Kwenye tuta la tatu akamwambia, "Bwana, hili gari umelioa kabla yangu, au?" Kesho yake marehemu alilipandisha. Ndoa ikadumu miaka thelathini na minane.

Tarehe 3 Novemba 2023 alipata kiharusi akiwa kazini. Maneno yalibaki; mguu na mkono wa kushoto vikakataa. Wakati huo injini ya Skyline yake ya kijivu, mojawapo ya yale magari ya mbio, ilikuwa vipande vipande juu ya meza. Familia ilikaa kikao. Mdogo wake, dereva mstaafu wa malori, alitaka gereji ifungwe na vyuma viuzwe kabla havijashika kutu. Binti wa mwisho wa marehemu, aliyefanya kazi mle tangu alipotoka shule, akasema ataiendesha yeye.

"Wateja watakuja kwako wewe?"

"Wanakuja kwa ajili ya gari zao, baba mdogo. Mimi hawanioi."

Marehemu aliamua akiwa kitandani. Binti aliunge gari la kijivu kwa mikono yake, alipeleke maegesho, afungue boneti. Likienda na kurudi lenyewe, gereji ibaki. Likirudi linavutwa kwa kamba, iuzwe.

Kwa miezi saba marehemu aliwekewa kiti uani. Alikatazwa kushika, akakatazwa na kusema, na hilo la pili lilimshinda.

"Unakaza kama unamkomoa mtu."

"Si ndivyo ulivyonifundisha, baba?"

"Nilikuwa na nguvu, sikuwa na akili."

Tarehe 2 Juni 2024 gari lilifika maegesho bila kukohoa. Watu wakataka kuiona turbo. Binti akatoa bomba la hewa, akaziba tundu kwa kitambaa vumbi lisiingie, akaeleza, akarudisha bomba. Walipomwomba awashe, gari likapiga chafya mbili likazima. Akajaribu tena, kimya. Baba yake mdogo alikuwa ameshakwenda kuchukua kamba.

"Dada, funga tu boneti, tumeshaona," alisema muuza matairi mmoja, na wenzake wakacheka.

Hakufunga. Aliinama, akalegeza bomba lilelile, akavuta kitambaa mbele ya watu wote. Kilikuwa kipande cha pazia la sebuleni, chenye maua.

"Hiyo turbo ya aina gani, ya pamba?"

"Ya pamba, kaka. Nimeisahau humu mwenyewe. Uliza lingine."

Liliwaka mara moja. Kule nyumbani marehemu alilisikia kabla yetu sote, likikata kona kurudi. Alipohadithiwa habari ya pazia alicheka mpaka akapaliwa, kisha akauliza, "Boneti hakuifunga?" Tukamwambia hakuifunga. Akasema, "Basi."

Kiharusi cha pili kilimchukua hospitalini asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake, ambaye siku hizi gari lake analileta kwa binti huyo na kusubiri foleni kama wengine.

Leo gari la kijivu litatangulia, binti akiwa kwenye usukani. Wenye magari ya turbo, familia inawaomba jambo moja. Mnajua turbo iliyotoka mbio haizimwi papo hapo. Injini huachwa izunguke polepole mpaka ipoe. Mkifika makaburini fanyeni hivyo, wala msione haya kwa kelele. Zikishapoa, zimeni.

Apumzike, amefanya kazi. Gereji itafunguliwa Jumatatu, saa mbili asubuhi.