Mama Vifungo na Jicho Alilomdai Kaka Yake

"Hilo jicho nani alikutoa?" Jirani alimuuliza marehemu wakianika nguo, naye akajibu bila kugeuka: "Kaka." Jibu hilo alilitoa kwa miaka arobaini na saba, na wengi waliolisikia walimwogopa kaka huyo bure.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili kati ya watatu. Mwaka 1972 jicho lake la kushoto lilivimba, hospitali ikalitoa. Wiki hiyohiyo kaka yake, wa miaka saba, alikuwa amerusha jiwe uani. Kesi ikaishia hapo.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, akajifunza cherehani. Alishona sare za shule miaka thelathini na tisa, akitunga uzi kwenye sindano mara moja tu na kuwacheka wenye macho mawili. Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, Mungu akamjalia mwana mmoja.

Alikuwa mtu wa shaka, hilo hatulifichi. Mwaka 2019, akimpima mjukuu wake gauni dirishani, aliona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe. Akamshuku yaya, kisha mkwewe. Daktari alieleza kwamba ni saratani ya jicho, aina adimu ya kurithiwa, na mzazi huweza kuipitisha bila yeye kuugua. Akaomba damu ya familia nzima, maana mkwe alikuwa mjamzito na wa tumboni asingefaa kucheleweshwa kupimwa. Marehemu alikataa, akisema lake lilitolewa na jiwe la kaka, akamkataza na mwanawe.

"Damu yote hiyo ya nini, mnapika?"

Daktari hakukasirika. Aliuliza tu kama kabla ya lile jiwe kuna aliyeona weupe jichoni mwake. Swali hilo lilimnyima raha, hata sala zikawa hazimtoki. Siku ya tatu akamfuata kaka yake kwenye karakana ya baiskeli, asikokuwa amekanyaga kamwe. Kaka aliendelea kukaza spoki.

"Jiwe nilirusha kweli, mdogo wangu. Lilikupiga begani. Hakuna aliyeniuliza."

Marehemu alikaa pale mpaka karakana ikafungwa. Kesho yake familia ilitoa damu, ingawa alimsimamia mpimaji mpaka akaandika jina kwenye kila kichupa. Majibu yalionyesha kasoro ya kurithi iliyotoka kwake, ikapitia kwa mwanawe. Mjukuu wa kwanza alipoteza jicho moja. Wa pili alichunguzwa akiwa na siku nane. Uvimbe ulikuwa kama kichwa cha pini, ukachomwa kwa leza. Anaona kote kuwili.

Mwaka 2023 kasoro ileile, iliyomtoa jicho utotoni, ilimletea saratani ya paja. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, kaka yake amemshika mkono. Ameacha mume, mwana, mkwe, wajukuu wawili, kaka na mdogo wake wa kike. Bwana ampokee, ampe utulivu.

Aliomba hivi:

"Mtoto wa ukoo huu akizaliwa, apimwe macho wiki hiyohiyo. Wakiuliza ugonjwa umetoka wapi, semeni umetoka kwangu. Asitafutwe mtu."