Mama Devotha Hakutia Simu Majini

Bwana asifiwe, watu wa Keza! Itikieni amina sasa hivi, tena kwa nguvu, maana nikimaliza kusema huenda wengine mkashindwa hata kunitazama.

Naitwa Jovina, natoka Biharamulo mjini. Sura yangu hamuijui, ila kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye yule dada anayeuza simu na redio za mtumba kwenye kundi la WhatsApp. Na mimi ndiye niliyeweka mle picha ya Mama Devotha, akiwa na sare ya kwaya ya kanisa hili, nikaandika chini yake: "Tapeli wa Keza. Anatia simu majini kisha anataka abadilishiwe." Ndiyo, ni mimi. Niangalieni vizuri.

Ndugu zangu, wakati huo nilikuwa nimeokoka. Msidhani nawasimulia habari za mtu wa kilabuni! Nilikuwa nafunga, nashuhudia sokoni, natoa zaka. Lakini mteja akinirudishia kitu kibovu, Jovina wa maombi anaondoka, anabaki Jovina wa matusi. Niliamini kila anayerudisha ni mwongo: kaiangusha, kaichokonoa, kampa mtoto achezee, sasa anakuja kunitwisha mimi. Na wa namna hiyo wapo, msinitolee macho. Kuna mmoja alinirudishia redio imejaa mende, akaapa kwamba nilimuuzia nao.

Basi nikawa na kipimo changu. Ndani ya simu nyingi kuna kikaratasi cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Kikipata unyevu kinageuka chekundu. Simu ikirudi naifungua, na kikiwa chekundu hakuna mjadala: umeitia maji, kwaheri. Nilikiamini kikaratasi kile kuliko kiapo cha mtu.

Nilikuwa pia na njia yangu ya kusafirisha. Simu ikienda peke yake, njiani inaota miguu. Kwa hiyo nilikuwa naifunga kwenye gazeti, naizika katikati ya kiroba cha maharage, nakishona mdomo, nakipandisha gari, kisha bodaboda anakileta huku. Anayebeba anajua ni maharage ya shangazi yangu. Na maharage yenyewe namwachia mteja, zawadi. Nilijiona mkarimu kweli!

Yalipoingia mavuno mapya, simu zikaanza kurudi moja baada ya nyingine. Vikaratasi vyote vyekundu. Badala ya kujiuliza, nikapandisha hasira. Ndipo akaja Mama Devotha. Mnajua kwamba akina mama wa kikundi mlichangishana mkanunua simu ya kikundi, na yeye akiwa katibu wenu ndiye aliyeishika. Ilifanya kazi siku mbili, ikazima. Alikuja nayo mwenyewe hadi Biharamulo, kaifunga kwenye kipande cha kitenge. Mtu mzima, wa kuamkiwa! Nikaifungua mbele yake, nikamwonyesha ule wekundu. Akasema, "Mwanangu, haijaona maji." Nikamcheka mbele za watu. Akarudia taratibu, nikamcheka tena. Hata hajafika nyumbani, picha yake imeshasambaa.

Mlichomfanya baada ya hapo mnakijua wenyewe. Mlimvua ukatibu. Mlisema mtu anayeweza kudanganya juu ya simu atadanganya na juu ya sadaka. Akaacha kwaya, kisha akaacha na kanisa.

Sasa sikieni kilichonipata. Nilituma kiroba kingine kwa mteja wa Nyantakara. Pikipiki ikaharibika njiani, kiroba kikalala siku tatu kwa fundi, mwisho kikarudishwa kwangu. Mshono ulikuwa wangu, na uzi wangu ule ule wa bluu. Hakuna aliyekifungua. Nikaingiza mkono. Loh! Ndani palikuwa na joto, maharage yametoka jasho, gazeti limelowa chepechepe. Nikafungua simu. Kikaratasi chekundu!

Nilikaa chini pale pale jikoni. Maharage mapya, hayajakauka vizuri! Mimi ni mtoto wa mkulima, nimelelewa kwa maharage. Najua ukiyafunga mabichi kwenye kiroba yanatoka jasho na kuota ukungu. Nilijua hilo miaka yote, halafu nikazika simu humo na kuwaita wateja matapeli.

Mtadhani hapo nilitubu. Thubutu! Nilinyamaza wiki sita. Niliacha maharage, nikaanza kufungia simu kwenye nguo kuukuu, nikaendelea kuimba pambio. Na mle kwenye kundi watu wananisifu: "Dada Jovina hachezewi!" Sifa ile ikawa inanipalia. Nikifumba macho kusali, namwona yule mama anakunja kitenge chake. Siku moja niko kwenye beseni nafua, neno likanijia moyoni, wazi kabisa: unaniita Mungu wa kweli, na mwenzako umemfanya mwongo. Nililia hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipoikata kamba ya kiburi iliyonifunga. Nikashika simu kwa mikono ya povu, nikaungama kwenye kundi lile lile.

Jamani, uongo wangu ulizunguka hadi Benaco. Toba yangu wakaisoma watu wachache, wawili wakaweka kidole gumba, basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jana nilimfuata shambani kwake. Nikapiga magoti kwenye udongo. "Shikamoo mama." Hakuitikia marahaba. Alipalilia hadi mwisho wa tuta, ndipo akageuka. Akasema, "Nilishakusamehe zamani, kukubeba moyoni ni kazi. Lakini mimi siye niliyekuamini. Nenda kawaambie walioamini."

Ndiyo maana nimesimama hapa leo, na yeye yuko shambani. Namshukuru Mungu aliyenifungua mimi mwenye ulimi mchafu. Lakini shukrani yangu ni chungu kama shubiri, maana mimi nimefunguliwa na yeye bado mmemfunga. Kama yumo humu aliyesema neno juu ya mtu na sasa anajua si kweli, asikae wiki sita kama mimi. Amkimbilie Yesu leo, maana anafungua kweli, nimeona!

Mama mchungaji, tafadhali, wanaopiga vigelegele hivyo wanyamaze. Sikuvijia. Ibada ikiisha, nendeni kwake, njia mnaijua. Mkamwamini kama mlivyoniamini mimi: upesi vile vile, bila kuuliza swali hata moja.