Lava Haikufika Majengo

Jumatatu ile ya mwezi wa tano, mwaka wa 2021, benchi ya kahawa ya Papa Idriss ilijaa kabla jua halijapanda. Volkano ilikuwa imelipuka Jumamosi jioni. Lava iliteremka, ikala nyumba za Buhene, kisha ikasimama karibu sana na sisi, pale mtaa wetu wa Majengo unapoishia. Tangu hapo ardhi haikutulia. Benchi ilikuwa ikitikisika, vikombe vinagongana, nasi tunatazama kuta. Papa Idriss, mzee mwenye asili ya Maniema, alimimina kahawa ya tangawizi kama siku zote, ila nusu yake ilimwagika mchangani. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko mkabala na benchi hiyo. Siku ile sikukifungua.

Aliyeanza ni Jumaine, dereva wa njia ya Rumangabo, inayopita chini ya volkano. Tunamwita Sismo, kwa sababu hujidai anasikia tetemeko kabla halijafika.

— Lava ilisimama juu ya kushiba, alisema. Mwaka wa 2002 ilikula mji wote katikati. Tumbo yake bado inakumbuka.

— Lava haina tumbo, Sismo, nilimjibu.

— Unasema hivyo juu wewe hauendeshe kule. Mimi napita chini yake kila siku. Iko na tumbo.

Maître Grégoire akakohoa. Ni mtu wa Butembo. Zamani alishinda kesi ya kiwanja, na tangu hapo anajiona mwanasheria, anataka aitwe Maître.

— Nyinyi hamuelewe politiki. Mwaka wa 2012 waasi walikuwa wapi? Mulimani! Walifanya nini kule? Walitoboa, wakaficha mabomu ndani. Hii si lava. Hii ni vita, imepitia mulango wa nyuma.

— Na juu ya nini ikasimama? Sismo aliuliza.

— Mabomu yaliisha!

Tulicheka. Halafu benchi ikatikisika, kicheko kikakatika.

— Mimi naogopa ile gazi iko chini ya ziwa, Sismo alisema kwa sauti ya chini. Inaitana na hii moto. Siku zitakutana, batatuokota maiti kule Bukavu, mwisho wa ziwa.

Mmoja wetu hakuwa amecheka. Ni Pasta Julien, kijana anayeongoza kanisa dogo la Kiprotestanti, la Kireforme, nyuma ya soko. Kando yake aliketi Muzee Anastase, mchungaji wa zamani kutoka mtaa wa Mapendo. Kila Jumatatu mzee huyo huja kumwongoza Julien katika kazi yake. Wanasoma pamoja, kisha anamuuliza habari za mahubiri, za ndoa, hata za hasira zake.

— Mimi najua juu ya nini ilisimama, Julien alisema. Jumamosi tulipiga magoti kanisani, tukalia. Tulisema: hapa haitapita. Na haikupita! Jumapili nitahubiri hiyo. Nimeshatangaza.

— Hata sisi tulisoma dua muskitini, Papa Idriss alisema.

Muzee Anastase akaweka kikombe chini.

— Julien, Mungu anatawala hata lava. Hiyo tunaamini, mimi na wewe. Lakini sababu yake, alikuambia saa ngapi?

— Muzee, batu banaogopa. Banataka kitu ya kushika.

— Wamushike Mungu. Wewe unawapa maombi yao wenyewe washike. Ardhi ikitikisika tena, watajiuliza kama waliomba kwa nguvu ya kutosha.

— Wewe unaniletea mafundisho, mimi niko na kanisa ya batu hawalale!

Alipiga kelele hadi wapita njia wakageuka. Hatukuwahi kumsikia akimpandishia mzee sauti.

Kati ya wale waliogeuka alikuwa mwanamke mwenye fungu la nguo kichwani, miguu imejaa vumbi. Alikuja mpaka kwenye benchi. Papa Idriss akasogea.

— Karibu, mama. Kaa, kunywa kahawa.

Alishika kikombe bila kunywa. Alituambia anaitwa Léoncie, anatoka Buhene. Jumamosi alikimbia na watoto hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na wamebaki huko. Mama yake alikataa kutoka.

— Alipiga magoti chumbani, alisema. Nilimuvuta mukono. Akasema niende na watoto, yeye Mungu atamusimamishia hii moto.

Akamgeukia Julien.

— Nimesikia vile unasema, Pasta. Nauliza tu. Sisi tuliomba mubaya?

Sismo akainama. Julien alimtazama Muzee Anastase kama mwanafunzi aliyesahau somo.

— Amekuuliza wewe, Muzee alisema taratibu.

Julien aliweka viganja juu ya magoti.

— Hamukuomba mubaya, dada. Hiyo najua. Ingine yote sijui. Na ile nimesema hapa, sikupaswa kuisema.

Léoncie hakuonyesha kama jibu lilimtosha.

— Nataka kufika pale nyumba ilikuwa, alisema. Peke yangu naogopa.

Julien akasimama. Muzee akasimama, nami nikawafuata. Papa Idriss alichukua lile fungu la nguo akaliweka ndani kwake.

Buhene ilikuwa nyeusi, moshi bado unatoka kwenye nyufa. Watu walizunguka ukingoni wakitafuta viwanja vyao. Léoncie alitafuta kwa kutumia mti wa parachichi wa jirani, uliobaki nusu. Alikwenda, akarudi, akaenda tena.

— Hapa ilikuwa jiko, alisema. Chumba ni kule.

Kule hakukukanyagika. Joto lilipenya nyayo za viatu hata pale tuliposimama.

Julien alichuchumaa. Nilidhani ataomba kwa sauti kubwa, maana mtaa mzima unamjua kwa hilo.

— Baba, alisema, huyu mama alikuwa wako wakati aliishi. Na sasa ni wako. Na Léoncie ni wako.

Hapo akakatiza, akaanza kulia. Muzee Anastase alimwekea mkono mgongoni. Hakumalizia kwa niaba yake.

Léoncie hakusema amina.

— Rudilia ile maombi, alisema.

Julien akayarudia.