Dionisia, Mwenye Hadithi ya Nyumba Mbili

Padri, wazee wetu wa Ruangwa, na ninyi jirani mliotoka Likunja, Mtua na Naipingo tangu alfajiri, familia imekubaliana kusoma maisha ya ndugu yetu kama yalivyokuwa, pamoja na lile ambalo hadi juzi watu watatu tu walilijua.

Marehemu Dionisia alizaliwa tarehe 12 Machi 1922, Mtua, Nachingwea, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Kasmiri, Mmakua aliyehamia kutoka Masasi, na Bi Moza, ambaye yupo hapa mbele yetu. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1931, akaacha mwaka 1934 akiwa darasa la tatu ili amuuguze mama yake, na mwalimu wake alisikika akisema kwamba sasa darasa litatulia.

Tarehe 14 Julai 1945 alifunga ndoa na Stefano, wakajaliwa watoto wawili, Marietha, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1946, na Linus, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1949. Mwaka 1948 wote wawili walipata kibarua kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, mume aking'oa visiki, mke akichambua mbegu katika banda la wanawake, na humo bandani ndimo ilimozaliwa hadithi ya Nyumba Mbili. Kazi ya karanga ilipofungwa, Stefano alijiandikisha manamba, akaondoka tarehe 3 Februari 1951 kwenda kukata mkonge Tanga, naye Dionisia akahamia hapa Ruangwa na watoto, akawa anauza vitumbua kwenye gulio la Jumamosi.

Tuseme kweli, wengi wenu hamkufuata vitumbua. Mlifuata hadithi aliyoisimulia huku akikaanga, ile nyumba ya tajiri na ile ya maskini, zilizopakana kwa ua wa mianzi, na sheria zake ambazo Dionisia hakuzivunja hata siku moja, kwamba siri lazima isikiwe na mtu aliyejibanza nyuma ya ua, harusi isifike mwisho, mama mkwe akicheka basi kuna atakayeumia, na aliyesafiri asihesabiwe amekufa mpaka kaburi lake lionekane. Kila Jumamosi alikomea pale mlango unapogongwa, akafunika kikaango chake, akaenda zake, akawaacha roho juu wiki nzima.

Katika hadithi hiyo alikuwamo Isihaka, mume aliyekwenda kazi za mbali, na kila mtu alijua kwamba huyo ni Stefano, ingawa Dionisia mwenyewe alikana. Siku ya gulio, tarehe 16 Februari 1952, Dionisia alimtumbukiza Isihaka katika mto uliofurika, na Jumapili asubuhi wanawake wa Likunja wakafika nyumbani kwake na unga, chumvi na kuni, wakakaa mkekani wakilia, wakidhani amepata habari za mumewe na ameshindwa kuzisema waziwazi. Alicheka sana, akausonga ule unga, akawalisha wenyewe, lakini Marietha, aliyekuwa na miaka mitano, aliuamini ule msiba, akakataa chakula siku tatu. Jumamosi iliyofuata Isihaka alitolewa mtoni mzima, na wengine wenu mlinung'unika kwamba mmechezewa.

Tarehe 8 Juni 1953 ndugu Shaibu, aliyekuwa na Stefano huko Tanga, alirudi na kumweleza Dionisia kwamba mumewe amefariki kwa homa mwezi Machi, na kwamba yeye mwenyewe alishika jembe kumchimbia kaburi. Dionisia alimkumbuka mwanawe na zile siku tatu, akamwomba Shaibu afunge mdomo, akaenda gulioni na kanga zake za kila siku, na Isihaka akaendelea kuchelewa, mara kafungwa jela kwa kosa la pacha wake, mara kasahau hata jina lake. Miaka mitano mlicheka na kulalamika, naye alikuwa akimlilia mumewe mbele ya macho yenu, na sisi nduguze hatukuona, jambo ambalo linatuuma.

Mwaka 1955 alichumbiwa na fundi seremala Tomasi, mgane wa Naipingo, naye Dionisia akamweleza ukweli, akamwomba subira, maana ndoa ya kanisani ingemlazimu kukitangaza kifo cha Stefano. Familia ilimwona Tomasi ni mtu asiye na haya, anayemwandama mke wa mtu, ikamfukuza mara mbili, na kwa hilo tunaomba radhi mbele yenu nyote.

Mwezi Juni mwaka huu Dionisia alianza kupanga hadithi mpya, yenye nyumba moja tu, isiyo na pacha wala mama mkwe, inayoanzia kaburini mchana kweupe, watu wote wakiliona. "Nimemchosha Isihaka, na wewe nimekuchosha," alimwambia Tomasi. "Gulio la kwanza la Agosti namzika, halafu twende kwa Padri."

Tarehe 21 Julai alishikwa na kichomi, tarehe 25 akalazwa hospitali ya Nachingwea, gulio la tarehe 2 Agosti likapita akiwa kitandani, na Alhamisi tarehe 7 Agosti 1958, saa tisa alasiri, akafariki dunia. Kwa mliotuuliza tangu jana, na kwa mnaotupia macho barabarani hata sasa, Isihaka hafiki, na Stefano amelala Tanga, Mungu amrehemu.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, dereva wa lori aliyemrudisha, wauzaji wenzake wa gulioni walioacha biashara zao leo, na jirani wote. Fundi Tomasi amelichonga jeneza hili peke yake, na muda huu amesimama kule kwa wachimba kaburi. Marietha, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, aliambiwa yote jana, akauliza jambo moja tu, kwamba fundi atakaa wapi.

Fundi Tomasi, tunakuomba uliache hilo koleo, uje ukae hapa mkekani pamoja na wafiwa.

Dionisia, dada yetu, pumzika sasa, kwa amani.