Historia ya Mama Mfuniko, Mpishi wa Wasioweza Kushuka Ngazi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule aliyemfuata kuzaliwa, asimame hapa na kusoma maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda kupambwa, na mkimwona msomaji amenyamaza katikati ya mstari, mvumilieni, karatasi haijapotea.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa baba yetu, mpeleka barua wa posta, na mama yetu, aliyekuwa akishona mito na mapazia nyumbani kila pumu ilipompa nafasi. Alianza darasa la kwanza Januari 1961 katika shule iliyokuwa nyuma ya posta, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, wa pili katika darasa la watoto arobaini na wanne, na hesabu hakuna aliyemfikia. Barua ya kuchaguliwa kuendelea na masomo ilifika wiki ileile mama alipolazwa, baba akaisoma akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa kazi begani, akaikunja, akamtazama binti yake, naye akasema tu, "Haya baba, nimeelewa," akaenda kuwasha moto. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa anataka kuwa muuguzi.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 2 Septemba 1974 katika jiko la hospitali, kazi yake ikiwa kuosha masufuria ambayo, kwa maneno yake, mtu angeweza kuingia ndani akapangisha chumba. Mwaka 1981 alipewa kusimamia chakula cha wagonjwa maalumu, wale wa sukari, wa presha, wa figo, na wale wasioweza kumeza ambao chakula chao husagwa, huchujwa na kupitishwa kwenye mpira. Huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye kitambulisho, maana kila alipokuta chombo kiko wazi alipaza sauti, "Mfuniko!" na inasemekana siku moja mganga mkuu aliingia kuomba chai, akasikia sauti hiyo, akajikuta naye anahangaika kutafuta mfuniko bila kujua wa nini. Alistaafu tarehe 30 Juni 2008, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi kumi, bila kupata onyo hata moja la maandishi, ingawa ya mdomo, kwa jinsi alivyokuwa, hayakukosekana.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 4 Desemba 1976 na fundi bomba wa hospitali hiyohiyo, shemeji yetu mpenzi, ambaye aliitwa kuziba sinki la jikoni linalovuja, kazi ya nusu saa, akaifanya kwa siku tatu, na siku ya tatu marehemu akamwambia, "Fundi, sinki limepona, sasa sema kilichobaki." Walijaliwa watoto wanne, kifungua mimba, wa kike, ambaye ni muuguzi, wa pili, wa kiume, ambaye ni dereva wa malori, wa tatu, ambaye Mungu alimchukua akiwa na miezi minane mwaka 1984, na kitinda mimba, wa kike, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Ameacha wajukuu watano.

Shemeji alifariki ghafla tarehe 3 Februari 2010, watoto walikuwa wameshatawanyika, na marehemu akabaki peke yake na mkono usiojua kupika kidogo. Alijaribu, mashahidi tupo, akapima kikombe kimoja cha mchele, akakitazama ndani ya sufuria, akaongeza vitatu. Akawa anakula wali uleule siku tatu mfululizo, akilalamika kwamba nyumba imekuwa kubwa.

Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu, alikuwa akiishi fundi cherehani mstaafu aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, ambaye kila asubuhi aliteremsha kikapu kwa kamba hadi chini na muuza mkate akamwekea. Jumatano tarehe 17 Agosti 2011 marehemu alitazama dirishani akaona kikapu kipo chini, kitupu, na kesho yake mchana akakiona palepale, muuza mkate akiwa amesafiri na hakuna aliyejua ni kazi ya nani sasa. Alivuka barabara, akapanda ngazi hamsini na nne, akagonga.

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani yupi? Mimi nina majirani?"

"Huyu anayeona kikapu chako kila siku na hajawahi kuuliza."

Mlango haukuwa umefungwa. Alimkuta ameketi kitandani, amevaa shati lililopigwa pasi na kufungwa vifungo vyote, kama mtu anayengoja mgeni rasmi, na juu ya meza kulikuwa na maji ya kunywa basi. Marehemu alirudi nyumbani, akabeba sufuria zima, akapanda tena. Alituambia baadaye kwamba kilichomwuma si njaa ya yule mzee, ni lile shati.

Kutoka hapo ikawa mmoja akimtaja mwingine, mama aliyepooza upande mmoja nyumba ya kona, mwalimu mstaafu asiyeona, ndugu wawili wazee ambao mmoja hakumbuki na mwingine hatembei, hivyo kwa pamoja walikuwa mtu mmoja mzima, na kufikia mwaka 2019 walikuwa kumi na tisa, kila siku, saa saba kamili mchana. Jikoni kwake kuliwekwa majiko mawili ya gesi na rafu ya hotpoti zenye rangi, ya njano asiyetakiwa chumvi, ya bluu asiyetakiwa sukari, nyekundu anayesagiwa. Walijitolea pamoja naye mwenye saluni wa ghorofa ya chini, wifi yetu, na mzee mmoja aliyekuwa kondakta wa mabasi, tunayemwita Kondakta hadi leo, ambaye alipeleka vyakula kwa baiskeli akipaza sauti kwenye ngazi kana kwamba anatangaza vituo.

Sharti lilikuwa moja, hakuna kuacha chakula mlangoni. Unaingia, unakaa, unamwona mtu anakula vijiko vitatu, ndipo unaondoka, kwa sababu hospitali ilimfundisha kwamba sahani inayorudi tupu haisemi ni nani aliyeimaliza. Mwalimu asiyeona aliwahi kumdanganya kwamba ameshashiba kwa harufu, marehemu akavuta kiti, akamjibu, "Basi mwalimu, acha nisubiri hapa mpaka harufu ikushuke tumboni," wakakaa saa nzima, wakashinda wote wawili.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ingependa kuruka, lakini yeye hakuwa mtu wa kuruka mstari.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 marehemu alianza kuloweka mkate kwenye chai, mtu mwenye meno yake yote. Mwezi Aprili gauni la kazi alilifunga kiunoni kwa pini, akasema ngazi za watu zimemkondesha. Binti yake mkubwa, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, alikuwa akipita kila Jumapili na kumwuliza, "Mama, umekula?" naye akijibu, "Nimeonjaonja jikoni," na jibu hilo sote tulilikubali, kwa kuwa ndilo jibu alilotupa maisha yake yote na lilikuwa kweli, hadi lilipoacha kuwa kweli na sisi hatukujua ni lini. Watu kumi na tisa walikuwa na mtu wa kukaa nao vijiko vitatu. Yeye hakuwa na mtu. Binti yake ametuomba tusiseme kwamba hakuna aliyekosea, na kwa heshima yake hatusemi.

Ijumaa tarehe 9 Septemba Kondakta aliingia jikoni kurudisha hotpoti akamkuta ameinama kwenye sinki, anatema maji, maji matupu yaliyokataa kushuka. Marehemu alijifuta, akamwambia, "Ukisema, usikanyage tena jikoni kwangu." Kondakta amesisitiza isomwe hapa mbele yenu kwamba alinyamaza wiki tatu. Amesema aulipie ukimya huo kwa aibu, kwa kuwa hana kingine. Mzee wetu, imesomwa, na familia haina neno juu yako.

Jumanne tarehe 4 Oktoba vipimo vilionyesha saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ikiwa imeshafika kwenye ini, na daktari, kijana mpole, alieleza taratibu kwamba upasuaji hautasaidia. Alipomwuliza kwa nini hakuja mapema, marehemu alijibu, "Ningekuja, mngenitoa jikoni." Tarehe 20 Oktoba aliwekewa mpira wa kulishia tumboni. Alipoletewa chakula cha kwanza cha mpira alikitazama, akamwambia muuguzi, "Mwanangu, kichuje mara mbili, kisha kina mfuniko?" Muuguzi alicheka, marehemu alicheka, na binti yake akatoka nje.

Alirudishwa nyumbani tarehe 28 Oktoba. Majirani, mlileta chakula. Mlileta supu, wali, maharage, ndizi zilizopondwa, mlileta kwa mapenzi na kwa hofu, na kila aliyegonga alitaka kuambiwa kwamba cha kwake amekionja. Hatukuwa na moyo wa kuwakataza. Vyombo vilijaa mezani, vikajaa sakafuni kando ya ukuta, na mwanawe wa kiume, aliyezoea kubeba tani thelathini, alisimama katikati ya vyombo hivyo bila kujua aanze kuinua kipi. Marehemu ndiye aliyetuamulia, akataka kila chombo kifunguliwe karibu na kitanda, anuse, kisha kipelekwe kwa wale ambao wangeweza kumeza, na kwa sauti iliyobaki alisema, "Hiki chumvi imezidi," au, "Huyu amejifunza." Hilo ndilo pekee tuliloweza kumfanyia, kufungua na kufunika.

Jiko nalo lilikuwa linatushinda. Wifi aliumia mgongo, mwenye saluni akabaki na sufuria mbili, na kutoka kumi na tisa wakawa kumi na wawili, kisha wanane, wengine wakichukuliwa na watoto wao, mmoja, yule mama wa nyumba ya kona, akifariki katikati ya Novemba. Marehemu hakuambiwa. Kila saa saba alikuwa akiuliza. Siku moja, tarehe 6 Desemba, alimwuliza kitinda mimba wake, "Mwalimu kapelekewa?"

"Kapelekewa, mama."

"Na nani?"

"Na Kondakta."

Kondakta alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, amekuja kumjulia hali. Marehemu alimtazama muda mrefu. Alifumba macho, akageuza uso ukutani, na binti yetu, ambaye kazi yake ni kufundisha watoto wadogo wasiseme uongo, aliketi ukingoni mwa kitanda na mikono yake mapajani. Kondakta aliondoka, akaenda kwa mwalimu na mkate alioununua njiani, lakini aliporudi kumweleza, marehemu alikuwa ameshalala usingizi wa dawa, na hatuna hakika kama alisikia baadaye.

Marehemu alifariki nyumbani Jumanne tarehe 13 Desemba 2022, saa tano na dakika arobaini asubuhi, watoto wake watatu wakiwa wamemshika, mmoja mkono, mmoja mkono, mmoja miguu, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa na miezi tisa kasoro siku moja. Binti yake muuguzi alijua kila hatua iliyokuwa ikija na hakuweza kuzuia hata moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, ambao walimwita mwenzao na si mgonjwa, inawashukuru wafanyakazi wa jiko la hospitali, wa zamani na wa sasa, waliosimama foleni na aproni zao alipotoka kwa mara ya mwisho, inamshukuru mwenye saluni, wifi, na Kondakta, na majirani wote, wenye chumvi nyingi na wenye chumvi kidogo.

Tulitaka pia kuwaahidi kwamba jiko litaendelea. Jana tulikaa kuanzia asubuhi, tukahesabu mikono na tukahesabu ngazi, na hatukufika popote, kwa hiyo hatuahidi. Atakayeweza hata siku moja kwa wiki, amwone wifi pale nyuma.

Mwisho, wapo waliompenda ambao hawamo katika mkusanyiko huu kwa sababu hawana namna ya kushuka. Leo asubuhi mwalimu asiyeona alipiga simu akauliza kama angeweza angalau kusikia, tukawaunganisha wote wanane kwenye laini moja, na simu hiyo iko juu ya meza hii, iko wazi tangu neno la kwanza. Mnaweza kukohoa, wanapenda kusikia kuna watu. Wazee wetu, historia ya dada yetu imefika mwisho. Msomaji ameambiwa akishamaliza aikate hiyo simu, naye amejaribu kufikiri atawaambia nini kabla ya kubonyeza, na hajapata, kwa hiyo ataiacha hivyohivyo, na mtakayoyasikia kuanzia sasa ni miguu yetu tukiondoka naye.

Dada, tua mzigo, amani iwe ndiyo nyumba yako.